MREJESHO: Sheria ya Ardhi ya Vijiji nimeipata bure

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza pa kuipata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 bila malipo, baada ya jamaa wa steshenari kunitaka elfu kumi na tano. Aliyenielekeza TanzLII, Mungu akuzidishie. Tovuti inaendeshwa na Mahakama ya Tanzania. Sheria na hukumu unapakua bila kulipa chochote. Kiingereza chake kilinikwamisha, mdogo wangu akanifafanulia. Kifungu cha 8(5) ndicho hasa nilichokuwa nakitafuta: Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi kabla ya kupata idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ukurasa huo nimeuchapisha, baba kaukunja mara nne akautia mfuko wa shati. Mkutano ni Jumamosi.