Kamera ya kwanza kwa mwenye akiba ndogo: nitazame nini?

Mwanagenzi
Habari zenu, ndugu zangu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipiga picha kwa simu, na sasa nimeweka akiba inayotosha kamera mpya ya daraja la chini pamoja na lenzi inayouzwa nayo, basi. Ninachopenda zaidi ni picha za watu, hasa watoto wa dada yangu wakicheza ndani jioni, na hapo ndipo simu inaponiangusha: nyuso hujaa chengachenga, na mkono ukisogea kidogo tu hutoka kama ukungu. Muuzaji mmoja ananisisitizia nitafute megapikseli nyingi. Je, hicho ndicho kigezo cha kwanza? Na kamera iliyokwisha kutumika ni ya kuogopwa?

Mzee wa Lenzi
Karibu sana, Mwanagenzi. Megapikseli zisikusumbue, kwa kuwa kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, ambayo unaweza kuichapisha kwa ubora wa juu kabisa ikafika upana wa sentimita 50. Shida uliyoieleza ni ya mwanga. Lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ile ya mm 18 hadi 55 (mm ndogo huona eneo pana, kubwa huvuta karibu), ukiivuta hadi mwisho tundu lake la mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ilhali lenzi isiyovutika ya mm 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote, huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Maana yake ni kwamba pale ulipolazimika kupiga kwa 1/15 ya sekunde, na mtoto akigeuza shingo uso unafutika, sasa utapiga kwa 1/150 na utaziona hata kope zake.

Kwa hiyo ningekushauri ununue bodi iliyotumika, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na fedha utakayookoa uitie kwenye lenzi. Ila chumba kikiwa kidogo, chagua mm 35, kwa sababu kwenye kamera nyingi za wanaoanza sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo na mm 50 huona kama mm 75 au 80, nawe utajikuta umegandamana na ukuta huku ukipata kichwa na mabega tu.

Binti Picha
Naunga mkono, pamoja na tahadhari moja. Bodi ndogo za Nikon kama D3500 na D5600 hazina ndani mota ya fokasi, yaani ya kulenga ili picha itoke kali, hivyo lenzi za zamani za AF-D hukaa vizuri lakini itakubidi ufokasi kwa mkono. Tafuta zilizoandikwa AF-S au AF-P.

Kuhusu kilichotumika, usiogope, bali kagua. Mimi nilinunua lenzi yangu ya kwanza usiku, nikaridhika na kioo cha mbele kilivyong'aa, na asubuhi nilipoielekeza dirishani nikaona ndani yake nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Ilikuwa kuvu. Basi fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma, utazame polepole. Kisha weka f/16, upige ukuta mweupe: madoa yanayojirudia mahali palepale katika kila picha, hayo yapo kwenye sensa. Vumbi husafishika, lakini mkwaruzo ni sababu ya kuiacha.

Msafiri
Mimi ningeongeza kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), kwa sababu kwenye skrini unaona picha itakavyotoka kabla hujabonyeza, na kwa anayejifunza hilo ni mwalimu mzuri mno. Gharama yake ni betri: Sony a6000 hukadiriwa picha 360 hivi kwa chaji moja, wakati D3500 hufika 1,550. Ukiichukua, tenga fedha ya betri ya pili.

Mwanagenzi
Nawashukuru kwa dhati. Sebule ni ndogo, kwa hiyo naiwinda mm 35. Mzee, je, nikikosa fedha ya vyote viwili, nianze na bodi na lenzi ya kawaida?

Mzee wa Lenzi
Hapana, nunua bodi tupu na hiyo mm 35. Unapotaka kukuza, sogea. Unapotaka kupunguza, rudi nyuma. Ile ya mm 18 hadi 55 utaipata baadaye kwa fedha kidogo, kwani wengi huziuza.