Tupeane uzoefu: Ni "sayansi" gani uliyomezeshwa utotoni, ukubwani ikakataa?

Mzee wa Kipimajoto (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kijana wangu wa darasa la sita kanifungulia daftari nimsaidie kazi ya nyumbani. Nakuta mchoro wa ulimi: ncha ni ya utamu, pembeni mbele chumvi, pembeni nyuma uchachu, kule ndani kabisa uchungu. Ni mchoro uleule niliouchora mimi enzi zangu, hadi mistari ya nukta ya kugawa maeneo.

Nikamwita jikoni. Nikachukua chembe za chumvi, nikamwekea kwenye ncha ya ulimi, mdomo wazi. Akakunja uso. Nikamuuliza unasikia nini? Chumvi. Sasa mbona daftari linasema ncha ni ya sukari? Akatazama daftari, akanitazama mimi, akanijibu: "Lakini baba, mtihani utauliza hivyohivyo."

Nikakosa la kusema.

Kwa asiyejua, chanzo cha ramani ile ni kazi ya Mjerumani David Hänig ya mwaka 1901. Alikuta sehemu za ulimi zinazidiana kidogo sana katika kuhisi ladha. Mwaka 1942 mwanasaikolojia wa Marekani, Edwin Boring, akauchora upya ule utafiti kwenye kitabu chake kwa namna iliyofanya tofauti ndogo ionekane kubwa. Wachapaji wa vitabu wakanakili, na walimu nao wakanakili kutoka kwa wachapaji. Ukweli ni kwamba kila sehemu ya ulimi yenye vinundu vya ladha inahisi ladha zote.

Haya, lete yako. Sharti moja: iwe imekukuta wewe. Nani alikuambia, na ulijuaje kwamba si kweli? Ya kunakili mtandaoni kaa nayo.

Mkazi wa Mstari

Mimi ni wa Nanyuki, Kenya, na hii imenilea. Pale barabarani kuna bango la ikweta, na vijana wana kazi yao: beseni lenye tundu dogo chini, jagi la maji, njiti mbili za kiberiti. Anakusogeza hatua chache kaskazini ya mstari, anamimina, njiti zinazunguka upande mmoja maji yakishuka. Mnavuka hatua chache kusini, zinazunguka upande wa pili. Mkisimama juu ya mstari wenyewe, maji yanashuka wima, njiti zimetulia tuli. Mgeni anapiga makofi, anatoa hela, na cheti anauziwa.

Nimekua nikiapa kwamba ile ni fizikia. Halafu binamu yangu akaingia kwenye hiyo kazi, akanionyesha. Siri iko kwenye kugeuka. Ukimaliza kuelekea kaskazini unageuka na beseni kwa upande fulani, ukienda kusini unageuka kwa upande mwingine, na maji unayamimina kwa kuegemea ukingo mmoja. Maji yanabeba ule mzunguko mdogo ulioyapa. Pale kwenye mstari anamimina katikati na hageuki kabisa. Nilijaribu mwenyewe nyuma ya kibanda, nikayazungusha kaskazini kwa upande wa kusini bila shida yoyote.

Nguvu ya Coriolis (kuzunguka kwa dunia kunavyopindisha maji na upepo vikisafiri) ipo kweli, ila hapo mstarini ni sifuri, na hatua ishirini pembeni ni kama sifuri. Kuna profesa wa chuo cha MIT cha Marekani, Ascher Shapiro, aliyeionyesha kwenye maji mwaka 1962. Alihitaji tangi la karibu mita mbili upana, ayaache maji yatulie saa 24, ndipo azibue taratibu. Na huyo alikuwa Boston, mbali na ikweta. Beseni la plastiki na upepo wa Nanyuki, sahau.

Binamu bado yuko kazini, msimharibie.

Chumvi Nyingi

Mkuu, kwa hiyo vimbunga navyo wanazungusha vijana wa beseni? 😂

Mkazi wa Mstari

@Chumvi Nyingi hapana, kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita na kinaishi siku kadhaa, kwa hiyo hapo Coriolis inapata nafasi. Hidaya iliyopiga pwani yenu Mei 2024 ilizunguka kufuata mshale wa saa kwa sababu ilikuwa kusini mwa ikweta. Kaskazini vinazunguka kinyume. Na karibu kabisa na mstari vimbunga havijengeki. Ndiyo maana huku kwetu tunavisikia redioni tu.

Sista wa Zamu

Mimi ni muuguzi, naleta mbili ninazokutana nazo kila wiki.

Ya kwanza: "kanyeshewa, ndiyo maana ana malaria." Mama analeta mtoto usiku wa manane, mvua imempiga mchana wa siku hiyohiyo. Nikimweleza kwamba vimelea vikiingia mwilini vinachukua angalau wiki moja, mara nyingi zaidi, kabla homa haijapanda, ananiona kama namkatalia dawa. Mvua inahusika, ila kwa njia ndefu: inaacha madimbwi, mbu aina ya Anofelesi anataga, mabuu wanakua, mbu anang'ata mgonjwa, kisha anamng'ata mwingine. Ronald Ross aliwaona vimelea ndani ya tumbo la mbu huko India tangu Agosti 1897, lakini mvua ndiyo inayosingiziwa mpaka leo. Mimi siku hizi sibishani. Nauliza, "Wiki mbili zilizopita alilala kwenye chandarua?" Hapo mazungumzo yanaanza.

Ya pili: rangi mbili, yaani zile kapsuli za antibayotiki. Mafua, rangi mbili. Tumbo, rangi mbili. Kidonda, unafungua kapsuli unamwaga unga juu. Mafua ni ya virusi na antibayotiki haigusi virusi. Lakini jamani, mafua huisha yenyewe ndani ya wiki. Mtu kameza kapsuli siku ya tatu, siku ya sita kapona. Utamwambia nini? Kaona kwa macho yake! Hii ni ngumu kuliko ya mvua, kwa sababu mtu ana ushahidi, ila ushahidi wenyewe unamdanganya. Na kapsuli tatu au nne za kugusagusa ndizo zinazowafundisha bakteria kuzoea dawa.

Kijana wa Miaka ya Tisini

Sista, samahani kwa swali la zamani. Sisi tuliokua miaka ya tisini tuliambiana kwamba mbu anaambukiza Ukimwi. Kijiweni ilikuwa hoja nzito: si ananyonya damu ya huyu kisha ya yule? Nilikuwa nalala na chandarua kwa sababu hiyo, si kwa malaria.

Sista wa Zamu

Chandarua kilikusaidia hata hivyo 😄. Mbu akikung'ata anakuingizia mate yake, hakurudishii damu ya mtu aliyemnyonya kabla. Kimelea cha malaria kimezoea kuishi ndani ya mbu na kusafiri hadi kwenye tezi za mate. Kirusi cha Ukimwi kikifika tumboni mwa mbu kinasagwa na chakula. Na fikiria hili: watoto wa shule ya msingi wanang'atwa na mbu kama sisi. Ingekuwa mbu ndiye msafirishaji, ugonjwa ungewashika wao sawasawa na watu wazima, na haikuwa hivyo.

Mwana Mbarali

Tarehe 1 Septemba 2016, kupatwa kwa jua, Rujewa. Waliokuwepo mnajua. Watu walikuja na mabasi, wageni na kamera ndefu, na wanafunzi wengi.

Nyumbani sasa. Shemeji yangu alikuwa mjamzito, mama mkwe kamfungia ndani tangu asubuhi na mapazia yameshushwa, eti mtoto atazaliwa na alama. Hakuna aliyethubutu kumpinga mama mkwe. Mimi nilipata miwani maalumu ya kupokezana. Mwezi siku ile ulikuwa mbali kidogo na dunia, ukashindwa kulifunika jua lote, ikabaki pete ya mwanga pembeni.

Lakini kilichonikamata hakikuwa juu, kilikuwa chini. Tulikuwa kwenye kivuli cha mwembe, mtoto mmoja akapiga kelele "tazameni ardhi!" Zile nukta za mwanga zinazopenya kwenye majani, siku zote ni vijiduara, zilikuwa zimegeuka hilali. Mamia ya hilali kwenye vumbi, zote zimeelekea upande mmoja. Baadaye zikawa pete. Kila mwanya mdogo kati ya majani unafanya kazi ya tundu la kamera na kuchora picha ya jua chini. Maana yake hata vile vijiduara vya siku ya kawaida ni picha za jua, nimezikanyaga maisha yangu yote.

Nikakimbia nyumbani, nikamfungulia shemeji mlango wa uani, akasimama chini ya paa akatazama ardhi. Mtoto sasa anasoma, hana alama yoyote. Mama mkwe anasema ni kwa sababu alikaa ndani.

NB: filamu za eksirei na beseni la maji si salama kutazamia jua, nilishuhudia watu wakitumia vyote viwili.

Chumvi Nyingi

Mama mkwe kashinda kesi.

Baridi ya Makete

Kwetu Juni umande unaganda kwenye majani. Mwalimu wa jiografia alituambia baridi ni kwa sababu miezi hiyo dunia iko mbali na jua. Tukameza, na ilikuwa rahisi kumeza kwa sababu inaingia akilini.

Balaa ni kwamba nusu yake ni kweli! Dunia iko mbali zaidi na jua mapema Julai, kama kilomita milioni 152, na karibu zaidi mapema Januari, kama milioni 147. Kwa hiyo sisi wa kusini tunaweza kufa na kosa hili bila kushtuka. Nilishtuka siku naangalia mpira wa Ulaya, mechi za Juni, wazungu vifua wazi wanaungua na jua. Kama umbali ndio sababu, mbona wao hawagandi? Tuko dunia moja. Ni mhimili kuinama nyuzi 23 na nusu: Juni wao wamelielekea jua, sisi tumelipa kisogo. Ongeza na mwinuko wa milima yetu, unavaa makoti mawili.

Bi Mdogo wa Tandika

"Usilale chini ya mti usiku, unanyonya hewa yako." Mti unatumia oksijeni usiku, sawa, ila kidogo. Mume anayekoroma ubavuni anatumia nyingi kuliko kimti cha chungu, na hakuna aliyeniambia nimtoe nje.

Makopa

Naona uzi umegeuka wa kuwacheka wazee. Naleta ya upande wa pili.

Mimi ni wa Mtwara. Bibi alikuwa na muhogo mchungu, na masharti yake: umenye, uloweke siku kadhaa hadi ulainike, uanike jua kali hadi ukauke kabisa, ndipo uitwe makopa na utwangwe. Tukimuuliza kwa nini, jibu lilikuwa "ule una ulevi". Sisi wasomi wa kidato cha pili tukaona ni uvivu wa kupika mapema.

Chuoni ndipo nikakuta muhogo ule una kemikali inayotoa sianidi, na kuloweka kunaipa nafasi itoke. Bibi hakujua jina la sianidi, lakini hatua zake zilikuwa sahihi moja baada ya nyingine. Mwaka 1985 Tarime, wakati wa ukame, watu walifupisha zile hatua kwa njaa, na ukazuka ugonjwa wa konzo, miguu inapooza ghafla na haiponi. Mtwara nasi yalitukuta miaka ya 2002 na 2003. Wengi walioumia walikuwa watoto na kina mama.

Kwa hiyo mimi kabla sijamcheka mtu, kwanza natazama anachofanya. Sababu anayoitaja inaweza kuwa mbovu kabisa na kitendo kikawa kizuri.

Mwanalushoto

@Makopa umenena. Mimi nimetoka Lushoto na nashangaa hakuna aliyemtaja mtu wetu.

Erasto Mpemba, kidato cha tatu, sekondari ya Magamba, 1963. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe, unaweka kwenye friji. Nafasi kwenye friji zinagombaniwa. Mwenzake akaweka ya kwake bila kuchemsha, Mpemba naye kuona nafasi inaisha akaweka yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yameganda, ya mwenzake bado uji. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Wauza aiskrimu wa Tanga ndio waliomwambia kwamba wao hutumia ya moto makusudi. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likapata utani wa kudumu.

Siku Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule, akauliza tena mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Osborne akaahidi kujaribu. Fundi wake wa maabara akaleta taarifa kwamba ya moto imeganda kwanza, ila asijali, wataendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha pamoja.

Alitukanwa kwa kitu alichokiona kwa macho. Kwenye uzi kama huu wangapi tungemweka upande wa "imani potofu"?

Mzee wa Kipimajoto (mleta uzi)

Mkuu, heshima kwa Mpemba, lakini tusimgeuze naye kuwa ramani ya ulimi. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima upya, wakasema hawakupata ushahidi wa maana. Hata kusogeza kipimajoto sentimita moja ndani ya chombo kunaweza kubadilisha jibu. Wengine wanapinga. Ubishi haujaisha.

Fundi Friza

Nimewasoma tangu jana, nikaona nisibishane. Nina friza ya barafu dukani. Vikombe viwili vya chuma, maji ya bomba na maji ya birika. Ya bomba yameanza kuganda kwanza. Nikarudia leo kwa vikombe vya plastiki, ya birika yakatangulia. Sasa nimechanganyikiwa kama Mpemba.

Sista wa Zamu

Uliweka rafu moja?

Fundi Friza

La, moja juu moja chini, kati kuna samaki wa wateja.

Mzee wa Kipimajoto (mleta uzi)

Toa samaki, mkuu. Rafu moja, vikombe vinavyofanana, pima kiasi cha maji kabla na baada, maana ya moto hupungua kwa mvuke. Na tuambie "kuganda" kwako ni lini: ngozi ya kwanza juu, au hadi chini kabisa?

Fundi Friza

Ngozi ya kwanza. Samaki watatoka kesho, leo mwenye nao hajaja.