Kuku waliochanjwa wanakoroma kila majira ya baridi: kasoro iko kwenye chanjo au kwenye hewa ya banda?

Mfugaji wa Njombe (muuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninafuga kuku wa mayai nje kidogo ya mji wa Njombe, ambako kati ya Juni na Agosti baridi huwa kali kiasi kwamba hulazimika kushusha maturubai pande zote za banda tangu alasiri hadi jua lichomoze vizuri. Kuku wote wamechanjwa dhidi ya mdondo kwa ratiba, lakini msimu huo ukifika baadhi yao huanza kukoroma usiku, kupiga chafya na kutoa povu kwenye kona za macho. Sijaona dalili za mdondo kama shingo zilizopinda, mharo wa kijani wala vifo vya mfululizo. Kijana anayenisaidia kazi naye hukohoa sana anapogeuza maranda. Je, chanjo imeshindwa? Na je, inawezekana kwamba yeye na kuku wanaambukizana?

Afisa Mifugo Mstaafu

Ndugu Mfugaji, dalili ulizozieleza hazielekei sana kwenye mdondo. Zinafanana zaidi na ugonjwa sugu wa njia ya hewa unaoletwa na maikoplazma, aina ya bakteria wadogo sana, ambao kuku anaweza kuishi nao kimya kwa muda mrefu, hata kuurithi kupitia yai, hadi siku kinga za njia yake ya hewa zitakapolegea. Uthibitisho utapatikana maabara, lakini swali la kujiuliza kwanza ni nini kinachozilegeza kila baridi inapoingia.

Ndani ya bomba la hewa la kuku, kama lilivyo letu, kuna utando wa ute unaonasa vumbi na vijidudu, na chini yake kuna vinywele vidogo mno viitwavyo silia, ambavyo hupiga kwa mfululizo na kuusukuma ute huo juu hadi kooni, unakomezwa au kutolewa. Banda likifungwa, unyevu wa pumzi na wa kinyesi hubaki ndani, maranda hulowa, na bakteria waliomo huugeuza mkojo mweupe wa kuku kuwa amonia. Gesi hiyo ikifikia sehemu 20 hadi 25 katika milioni na kudumu hapo, silia hupooza kisha hukatika, ute huganda mahali pake, na kijidudu ambacho kingefagiliwa nje hupata nafasi ya kujishikiza.

Kuku ana udhaifu mwingine ambao sisi hatuna. Mapafu yake yamebanwa kwenye mbavu na hayatanuki; hewa husukumwa na vifuko tisa vyenye kuta nyembamba vilivyosambaa mwilini hadi tumboni. Kwa kuwa hana kiwambo cha misuli kati ya kifua na tumbo, hawezi kukohoa kwa nguvu kama ng'ombe au mtu, na uchafu ukishafika kwenye vifuko hivyo ni vigumu kuutoa. Ndiyo maana wapasuaji wa mizoga hukuta vifuko vimejaa usaha mzito wa njano.

Kuhusu chanjo, sidhani kwamba imeshindwa. Tone la I-2, chanjo ya mdondo, huwekwa jichoni kwa sababu nyuma ya jicho la kuku kuna tezi inayotengeneza kinga ya eneo hilo la macho na pua, na dozi hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Ukitumia Lasota, chanjo nyingine ya mdondo, kukoroma kidogo kwa siku chache ni jambo la kawaida. Kwenye banda lenye amonia, kukoroma huko hurefuka na kufungua mlango kwa maikoplazma.

Mama Kuku wa Mafinga

Mimi huku Mafinga huwapa shubiri na mwarobaini kwenye maji, na wakizidi huwanunulia penisilini dukani. Maturubai siyafungui, kwa sababu baridi itawamaliza.

Tabibu wa Zahanati

Naomba nijibu upande wa binadamu. Maikoplazma ya kuku haimpati mtu. Virusi vya mdondo vinaweza kumpa mtu macho mekundu kwa siku chache, hasa anayechanja au kupasua mizoga, lakini havimletei nimonia kwa kawaida. Kijana wako anaelekea kukohoa kwa sababu ya amonia na vumbi lenyewe. Avae barakoa inayobana vizuri usoni, akijua kwamba barakoa huzuia vumbi na si gesi, kwa hiyo maturubai yafunguliwe kabla hajaanza kugeuza maranda. Kikohozi kikifikisha wiki mbili, apimwe kifua kikuu hata kama ana uhakika kwamba ni vumbi.

Jambo jingine ni jiko la mkaa la kupashia vifaranga joto. Moshi wake huiumiza silia kama amonia, na hewa yake ya sumu isiyo na harufu hushika damu na inaweza kuua mtu aliyelala humo.

Afisa Mifugo Mstaafu

Mama Kuku, penisilini haitakusaidia, kwa sababu dawa hiyo hushambulia ukuta wa bakteria na maikoplazma haina ukuta. Shubiri sikukatazi, lakini haiondoi amonia.

Kuku mzima mwenye manyoya kamili huvumilia baridi kavu kuliko hewa nzito yenye unyevu. Turubai lifungwe kuanzia chini, liache upenyo wa kiasi cha shubiri moja ya mkono juu, karibu na paa, pande zote mbili, ili hewa yenye unyevu itoke bila upepo kuwapiga kuku walipolala. Maranda yaliyolowa karibu na vyombo vya maji yaondolewe kila siku. Alfajiri, kabla ya kufungua, chuchumaa hadi pua yako ilingane na kichwa cha kuku: macho yakikuwasha hapo, upenyo hautoshi. Usipime ukiwa umesimama, wala usimtume aliyekwisha kuizoea harufu hiyo.