Hasara ya kushuka kwa thamani ya mali: ni hasara kweli ikiwa fedha hazikutoka?

Mtahiniwa wa CPA, Ngara
Habari zenu. Ninafanya kazi katika idara ya hesabu ya kampuni inayosambaza mashine za maabara hapa Nairobi. Nimesoma kwamba katika robo ya tatu ya mwaka 2022 Philips ilipata hasara ya takriban yuro bilioni 1.3, iliyotokana hasa na kupunguza thamani ya gudwili ya kitengo chake cha vifaa vya usingizi na upumuaji. Kampuni ilieleza kwamba hakuna fedha taslimu zilizotoka. Kwa nini basi mwekezaji ashtuke?

Mkaguzi, Upper Hill
Fedha zilitoka, ila zamani. Mzizi wa kitengo hicho ni Respironics ya Marekani, ambayo Philips iliinunua mwaka 2008, na gudwili ni ile ziada ambayo mnunuzi hulipa juu ya thamani ya mali zinazotambulika baada ya kuondoa madeni. Chini ya viwango vya kimataifa vya uhasibu gudwili haipunguzwi kila mwaka kama uchakavu wa mashine, bali hupimwa angalau mara moja kwa mwaka. Juni 2021 Philips ilianza kuziita tena mashine zake za kupumulia kwa sababu sponji ya kuzuia kelele ingeweza kumomonyoka na mgonjwa akaivuta. Makadirio ya mapato yakashuka, na thamani iliyo vitabuni ikakosa utetezi. Mimi huwa sikubali kutulizwa na "faida iliyorekebishwa", yaani ile ambayo kampuni huikokotoa yenyewe ikiiondoa gharama hii, kwani wakurugenzi huikumbuka faida ya ununuzi na kuisahau bei yake.

Mhasibu wa hospitali, Parklands
Naongezea upande unaokuhusu kazini. Chukulia mmeweka mashine ya kupima damu hospitalini kwa mkataba wa kuiuzia hospitali vitendanishi, yaani kemikali ambazo mashine haipimi bila hizo, kisha mtengenezaji akatangaza kuwa hatavitengeneza tena. Hiyo ni dalili tosha ya kupima thamani chini ya IAS 36 (kiwango cha uhasibu kuhusu kushuka kwa thamani ya mali), hata kama mashine yenyewe inafanya kazi vizuri. Tuseme vitabuni ina shilingi milioni 9, ikiuzwa italeta milioni 4 baada ya gharama za kuiuza, na ikiendelea kutumika italeta milioni 5.5 kwa thamani ya leo. Mnachukua kilicho kikubwa, yaani 5.5, na hasara ni milioni 3.5. Hali ikibadilika baadaye, hasara ya mashine yaweza kurudishwa. Ya gudwili hairudishwi kamwe.

Mtahiniwa wa CPA, Ngara
Ahsanteni sana. Je, hiyo milioni 3.5 inapunguza kodi?

Mkaguzi, Upper Hill
Hapana, ndugu. Katika hesabu ya kodi mnaijumlisha tena kwenye faida, kisha mnadai posho za uwekezaji (makato ya kodi kwa gharama ya mashine) kama sheria inavyoruhusu. Pia ombeni maelezo ya maandishi kuhusu kiwango cha punguzo (asilimia inayogeuza mapato ya baadaye kuwa thamani ya leo) kilichotumika kufikia hiyo 5.5, kwa maana hapo ndipo mkaguzi atakapoanzia maswali yake.