Nahamia iPhone kutoka Android, chati za WhatsApp nazihamishaje?

Pazia Jekundu:
Wakuu heshima kwenu. Mimi ni mtu wa Android tangu nimeanza kushika simu janja, sasa kaka yangu kabadilisha simu kanipa iPhone 13 yake, kaifuta yote iko tupu, haina hata mchubuko. Jana usiku kwa kiherehere changu nikaiwasha, kila kinachoulizwa nabonyeza endelea, baadaye, endelea, baadaye, mpaka nikajikuta ndani napiga picha paka. Leo ndo akili zimerudi. Namba za watu zimekuja zenyewe nilipoingiza akaunti ya Google, ila WhatsApp sijaigusa maana nasikia bakapu ya Android haifunguki huku.

Mle kuna chati za miaka sita na kuna voisi za marehemu bibi. Alikuwa hajui kuandika, kila kitu anatuma sauti, nyingine dakika nne nzima anasimulia halafu katikati anasahau kama anarekodi anaanza kufukuza kuku. Picha zikipotea nitalia siku moja yataisha, ila zile voisi siziachi. Kuna njia isiyo ya kulipia? Naona programu kibao zinataka hela eti unachomeka kwenye kompyuta.

Halafu swali la aibu, kitufe cha kurudi nyuma kiko wapi kwenye hii simu?

Kobe Mpole:
Kitufe hakuna. Weka kidole ukingoni kabisa kushoto mwa kioo, vuta kwenda kulia.

Sasa la maana: usisajili namba yako WhatsApp kwenye iPhone kwanza, na usiguse ya kwenye Android. Mpaka hapo hujapoteza kitu. Bakapu ya Android inakaa Google Drive, ya iPhone inakaa iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, na hazisomani, wengi wanaumia hapo, mtu anafuta simu ya zamani akijua bakapu ipo, kweli ipo ila haina pa kushukia. Njia ya bure ipo tangu 2022, programu ya Apple wenyewe inaitwa Move to iOS, unaishusha Play Store. Shida yako ni kwamba mlango wake uko palepale kwenye hatua ulizokuwa unazipita na baadaye baadaye. Ukishaingia ndani hauuoni tena. Kwa hiyo itakubidi uifute iPhone uanze upya, bahati nzuri una siku moja nayo, utakachopoteza ni kipicha cha paka tu.

Mama Pacha:
Swali kabla hajaanza kufuta: WhatsApp yako ni ya kawaida au ni hizi za GB WhatsApp, zilizochezewa na watu wengine? Maana Move to iOS inachukua WhatsApp halali tu. Kama ni GB sema mapema tujue tunaanzia wapi.

Na jana ulifungua akaunti ya Apple? Ukitaka kuifuta simu itaomba paswedi yake, usije ukawa umeiandika kwa kiherehere kilekile.

Pazia Jekundu:
Ni ya kawaida mama. Paswedi ipo, niliiandika nyuma ya daftari la mtoto la hesabu, sasa daftari lenyewe kaenda nalo shule 😂

Fundi Waya:
Nimefanya hii kitu mara mbili ikagoma, ya tatu ikakubali, ngoja nikupe nilipokosea. Hakikisha mfumo wa iPhone ni iOS 15.5 kwenda juu kabla hujaifuta. Simu zote mbili ziwe kwenye chaji na Wi-Fi moja. Kwenye iPhone ukifika pale pa kuhamisha data chagua kutoka Android, itakupa kodi ya namba, unaiingiza kwenye Move to iOS huko Android, inakuja orodha ya vitu vya kubeba. Gusa WhatsApp. Itafunguka yenyewe iandae chati, ikimaliza inakutoa kwenye akaunti huko Android, usishtuke, data bado imo mpaka uifute mwenyewe. Unarudi Move to iOS unaendelea.

Hapo sasa ndo pa uvumilivu. Mimi mara ya kwanza nikaona inachelewa nikatoka kidogo nijibu meseji, ikakata. Mara ya pili Android ikaandika imemaliza nikaichomoa, kumbe ule mstari kwenye iPhone ulikuwa bado unatembea. Anayesema ukweli ni iPhone, Android ikisema imemaliza usiisikilize. Na zile dakika inazokuandikia zimebaki usizitegemee, weka simu chini kafue nguo. Zima na data ya laini kwenye Android, maana iPhone inatengeneza Wi-Fi yake ya muda ya kuhamishia, simu nyingine zikiona haina intaneti zinarukia data ya laini, kazi inakata.

Ikiisha, shusha WhatsApp kwenye iPhone, ingia kwa NAMBA ILEILE, itakuuliza kuhamisha, kubali. Historia ya kupigiana simu haiji, ila chati na voisi zinakuja.

Mama Pacha:
Mimi kwa voisi za bibi nisingeamini programu yoyote peke yake. Kabla ya yote chomeka Android kwenye kompyuta, tafuta folda ya WhatsApp, ndani ya Media kuna moja inaitwa WhatsApp Voice Notes, nakili yote. Majina ya mafaili hayaeleweki ila programu ya VLC inayafungua. Na hiyo Android usimpe mtu wiki mbili hizi, kuna programu za benki na zile zinazotoa namba za uthibitisho ambazo lazima uziingize upya mojamoja na utahitaji simu ya zamani iwe mkononi.

Kijana wa Zamani:
Mimi nilienda kinyume chako, iPhone kwenda Android. Sikuzima iMessage, ile huduma ya meseji za iPhone kwa iPhone, kabla ya kutoa laini, watu wenye iPhone wakawa wananitumia meseji zinapotelea kusikojulikana, mtu ananinunia mie hata sijui kosa. Siku ukitaka kurudi ukumbuke hilo. Utarudi tu.

Pazia Jekundu:
Mrejesho wakuu. Folda nimenakili kwanza kama mama alivyosema, mafaili elfu na kitu. Daftari likarudi, iPhone nikafuta, nikaanza upya. Mara ya kwanza ikakwama nikakumbuka data ya laini sijazima. Mara ya pili nikaacha simu zote mezani nikatoka nje kabisa nisije nikashika. Saa moja na nusu hivi.

Nimefungua chati ya bibi, nikabonyeza ile ya kuku. Imo. "Shuka hapo weeh" kama kawaida.

Sasa nimewasha bakapu ya WhatsApp kwenda iCloud inaniambia nafasi haitoshi, na simu haina hata siku mbili.

Kobe Mpole:
iCloud ya bure ni GB 5 tu, Google ulikuwa na 15. Chati zako zina ukubwa gani?

Pazia Jekundu:
GB 11. Nyingi ni video za kwenye magrupu, naanza kufuta leo. Ya bibi siigusi.