Naomba ushauri: Je, niache maabara nikawe Mkurugenzi wa Uendeshaji?

Mtafiti Njiapanda: Habari zenu wanajukwaa. Nina shahada ya uzamivu katika baiolojia ya molekuli, na kwa miaka tisa nimetafiti vimelea vya malaria katika taasisi moja hapa nchini. Kampuni binafsi ya Dar es Salaam inayosambaza dawa na vitendanishi (kemikali za vipimo vya maabara) inanitaka niwe Mkurugenzi wa Uendeshaji, kwa mshahara unaozidi mara mbili ninaoupata sasa. Nahofia kwamba nikitoka leo sitarudi tena, kwa kuwa mtafiti asiyechapisha makala husahaulika upesi. Usingizi umenipaa.

Mzee wa Bohari: Mdogo wangu, nenda. Nimesimamia maghala ya dawa miaka 22. Tulizoea chanjo za kuhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Zilipokuja za UVIKO-19 za Pfizer zikitaka karibu nyuzi 70 chini ya sifuri, wakubwa waliosomea biashara walibaki wakitazamana, na aliyetuokoa alikuwa kijana wa maabara. Siku hizi nimestaafu, nafuga kuku.

Binti Kagera: Taifa lina watafiti wachache, nawe unakimbilia kuhesabu maboksi. Inasikitisha.

Kipimajoto: Tusimsimange. Albert Bourla, anayeiongoza Pfizer tangu 2019, ni daktari wa mifugo mwenye uzamivu. Ila yeye aliingia 1993 kupitia dawa za mifugo, akapanda ngazi moja baada ya nyingine. Mleta mada, nani alilipia uzamivu wako?

Mtafiti Njiapanda: Sikuona kama hilo lina uhusiano. Mwajiri ndiye aliyelipa, nami nilisaini kumtumikia miaka mitano baada ya masomo, nimetumikia miwili. Hata hivyo, wenzangu wawili waliondoka na hakuna aliyewafuatilia, na kampuni imeniahidi kwa mdomo kwamba itanisaidia likizuka jambo.

Mzee wa Bohari: Kwa mdomo! Mimi niliahidiwa kiwanja kwa mdomo mwaka 1998, na hadi leo nimepanga.

Chai ya Tangawizi: Jamani, hii ni chai, tena haina sukari. Mtu ambaye huenda hajawahi kusimamia hata bajeti ya kipaimara anapewaje ukurugenzi?

Mtafiti Njiapanda: Si chai. Tangu nirudi kutoka masomoni, mimi ndiye ninayeagiza vitendanishi na kupanga zamu za watu 14. Usiku mmoja umeme ulikatika, jenereta ikagoma, na jokofu linalopaswa kuwa nyuzi 80 chini ya sifuri likawa limefika 52 chini ya sifuri. Nilihamisha visanduku vya sampuli kimoja kimoja hadi kwenye tangi la naitrojeni ya kimiminika, simu yenye tochi nikiwa nimeibana kwa meno, kisha alfajiri nikaandika orodha upya kwa penseli. Mwenye kampuni hiyo ndiye aliyetuletea naitrojeni ya kujazia asubuhi ile, akanikuta bado naandika.

Chai ya Tangawizi: Basi naondoa kikombe mezani. Barua ya kuacha kazi umeshaiandika?

Mtafiti Njiapanda: Niliipeleka Ijumaa.

Kipimajoto: Kumbe! Soma leo kifungu cha marejesho, ujue kama unadaiwa gharama zote au sehemu ya miaka mitatu iliyobaki, na ahadi ya kampuni kuhusu deni hilo iandikwe katika mkataba mpya kabla hujasaini.

Mtafiti Njiapanda: Nakala yangu iko Songea kwa mama, kwenye sanduku la vyeti. Nitamwomba dada anipigie picha kila ukurasa jioni hii.