Wanaumia vidole kwenye kubeba shiti za chuma, sio kwenye mashine. Nyie mnafanyaje?

fundi_pleti: Wakuu habari za kazi. Karakana yetu tunakata na kuchomelea vyuma, kila mtu anaogopa grenda, lakini nikiangalia wanaoumia wengi ni kwenye kubeba na kupanga tu, mara mtu kachanwa na ukingo wa shiti mara kidole kimebanwa kati ya pleti na stendi. Glavu za ngozi za kuchomelea wanavaa na bado. Shida ni glavu au ni sisi?

mzee_tupa: Vyote viwili mkuu. Hiyo glavu kazi yake ni joto na cheche, makali ni habari nyingine. Tafuta yenye alama ya EN 388 (kiwango cha Ulaya cha glavu za kazi), ile yenye picha ya nyundo, chini yake kuna tarakimu nne halafu herufi kuanzia A mpaka F, F ndio inayostahimili kukatwa kuliko zote. Ila bora zaidi ukingo upigwe tupa pale pale baada ya kukata, maana ile shiti itashikwa na watu wengi kabla haijatoka hapo.

kreni_boi: Kwenye kubanwa glavu haikusaidii kitu. Shiti ya futi 4 kwa 8 unene milimita 3 ni kama kilo 70, sasa watu wawili wanaishusha na vidole viko chini unategemea nini?? Weka vipande vya mbao kwanza ndio mshushe, vidole vipate pa kutokea, na anayetoa amri awe mmoja, sio huyu anasema shusha yule anasema ngoja. Ukipata sumaku ya kubebea yenye mpini ndio safi kabisa.

mzee_tupa: Na pete zivuliwe jamani, pete ikinasa inaondoka na ngozi yote ya kidole. Halafu wakienda kwenye drili ya meza glavu zitoke, ile ikizunguka inavuta glavu na mkono humo humo.

fundi_pleti: Asanteni wakuu, mbao tunazo za kumwaga sema hakuna aliyewaza. Sumaku inashika shiti yenye mafuta?

kreni_boi: Inashika ila inateleza kwa pembeni, futa kwanza. Aluminiamu usijisumbue, na stenles nyingi pia haishiki.